Mpango wa Nyumba, Barabara ya Kumi na Tatu

Nimeuchora nyuma ya kalenda ya mwaka juzi,
upande ule mweupe usiojua tarehe:
hapa ukumbi, hapa jiko, hapa ngazi ya kupandia tankini,
na chini ya kabati la vyombo vya wageni
ile kompyuta mpakato iliyopasuka kioo.
Haioni, lakini akili yake nzima.
Hiyo ndiyo seva.

Diski naitaka kwa Hizza, terabaiti mbili.
Anaapa haijawahi kuanguka.
Nimeitikisa sikioni kama mtu anunuaye nazi;
kacheka mpaka akapunguza elfu tano.
Ruta ninayo. Rilei nne, elfu kumi na mbili.
Waya nitauchomoa kwenye feni iliyokufa Ramadhani.
Pasi ya kulehemu nitaazima kwa Shemdoe,
niirudishe kabla hajakumbuka kuwa anayo.
Umeme wa LUKU sijauandika. Ukiuandika huanzi.

Mama anauliza taa ijiwashayo inamwashia nani.
«Swichi iko ukutani, mkono uko begani.
Unawasuluhisha wasiogombana?»
Namweleza: ukiamka usiku kwenda uani
ukumbi utakuona, taa itawaka yenyewe.
«Utanionaje?» Anaivuta kanga mabegani.
«Basi ujifunze kubisha hodi.»

Halafu kanda.
Sitini na mbili, kwenye katoni la sabuni,
kila moja na mwandiko wa baba, herufi zimelala kulia
kama watu waliopanda gari linalokata kona.
Harusi ya Mwanamkuu. Mawaidha. Harusi tena,
juu yake kiporo cha mpira alichokinasa redioni:
bi harusi anaingia, goli linaingia,
vigelegele usijue ni vya nani.
Nilidhani nitazimimina zote kwa wiki moja.
Kumbe kanda haimiminwi.
Dakika tisini ni dakika tisini;
mashine inakaa inasikiliza, nami nakaa nayo.

Kanda ya thelathini na moja, upande wa pili,
wanawake wanapokezana shairi la kumtoa mwari,
na nyuma yao, mbali, upande wa uani:
*Nani kaiacha pampu? Zimeni! Maji yanamwagika!*
Sekunde nne.
Nilirudisha. Nikarudisha.
Nikazikata, nikazipa faili lake.
Sikulipa jina. Linaitwa kwa namba tu.

Mpango ulisema hivi:
tanki likijaa, kihisi kitaiarifu bodi,
bodi itaiamuru rilei, rilei itakata pampu,
wala hakuna mtu atakayenyanyuka.
Nilijivunia mstari huo. Niliupigia mstari.

Jumamosi nikajaribu.
Nilimwambia mama nafunga spika ya redio, si zaidi.
Maji yalipanda, bati likabadilisha mlio,
na kutoka juu ya kabati la vyombo:
*Nani kaiacha pampu? Zimeni!*

«Nimesikia, nimesikia, naja!»
Alitoka jikoni na machicha vidoleni,
kandambili moja mguuni, nyingine iliachwa mlangoni,
akafika ukutani, akazima.
Kisha ndiyo akakumbuka.

Kiganja chake kilibaki kwenye swichi.
Mwaka wa sita huu.
Tuliisikia pampu ikipumua hadi ikanyamaza,
na jirani akiita kuku wake.
Nilitaka kusema neno, nikaanza kukunja waya.

«Kwa siku,» aliuliza bila kugeuka, «ataita mara ngapi?»
Kila tanki likijaa, mama.
«Mwambie mara moja yatosha. Mimi si kiziwi.»
Akarudi kukuna nazi.

Usiku nikaichukua kalenda.
Taa ya ukumbi: yenyewe.
Feni: yenyewe, ikifika joto thelathini.
Pampu: nimefuta, nimeandika *mkono*.

Imebaki rilei moja.
Kesho nitampelekea Hizza, nione kama atairudisha.