Swali la Kumi na Saba

Ulishuka Kayenze na viatu vya kufunga kamba,
Daktari Kwandu Lushinge, daktari usiye na sindano.
Wanawake walikuuliza dawa iko wapi,
ukawaonyesha karatasi.
Mimi, mkalimani wako kwa elfu tano na soda,
niliona aibu kwa niaba yako.

Dodoso lilikuwa na maswali arobaini na mawili.
La kumi na saba: Je, una maumivu yoyote chini ya kitovu?
Nililigeuza Kisukuma nikilishika kwa ncha za vidole,
kama sufuria ya moto.
Wakasema hapana.
Holo alisema hapana amesimama,
maana kukaa kulimuuma.
Minza alisema hapana, maji ya ziwa mapajani,
anasuuza dagaa tangu alfajiri,
konokono wadogo wamenata ukingoni mwa beseni lake.
Hapana mia mbili na sita.
Usiku ukazihesabu kwa kandili pale gesti,
ukasema, Nkwimba,
ama mwalo huu ni pepo,
ama sisi wawili ni wajinga.

Hukurudi mjini. Ulivua viatu.
Wiki tatu ulianika dagaa mchangani,
ukageuza, ukafukuza kunguru,
kiuno kikakukatika, ukanyamaza kama wao.
Kisha mwezi ukawa mpevu, taa za wavuvi zikalala,
hakuna dagaa, kuna kusukana.
Kichwa chako kikiwa mapajani mwa Holo
ukauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi:
Siku usipoweza kuinuka,
nani anakuchotea maji?

Chanuo likasimama.

Binti yangu, akasema Holo. Ndiyo maana hasomi.
Mimi hakuna, akasema Minza. Natambaa.
Na yule wa pembeni, ambaye jina lake hukuliandika popote:
Mume wangu aliona damu kwenye mkojo
akasema huo ni uhuni.
Akaoa.
Wino wako uliisha kabla ya jogoo,
ukaniomba kalamu yangu. Hujairudisha.

Wakubwa walisema swali lile halipimiki.
Makala yako ilirudishwa mara tatu,
uprofesa ukakupita kama basi lililojaa.
Ulifundisha Malimbe asubuhi, ukavuka kwenda visiwani Ijumaa,
ukazeeka ukibishania vidonge:
kwa nini kichocho kitibiwe shuleni tu,
kana kwamba mama hana kibofu?
Mwaka wa kumi na tisa zahanati ikapata hadubini,
na benchi, na pazia.
Pazia ulishona mwenyewe.

Jana nimekuja kwako Buswelu.
Bomba limekatika siku nne, jirani kaniambia.
Nimekukuta kitandani, ndoo zimelala kifudifudi mlangoni.
Nikakuuliza, kwa adabu, kama nilivyofundishwa:
unaumwa?
Hapana, ukasema. Uchovu tu.

Hapana ya mia mbili na saba.
Sikubishana na msomi.
Nikachukua ndoo.