Mkunjo

Dodgeville, Wisconsin. Wiki ya pili ya msimu wa bunduki.
Nasimama nyuma ya gereji ya kaunti, glavu jozi mbili,
vichwa vinaletwa kwa mifuko ya takataka.
Kazi yangu ni kooni: chale moja chini ya taya,
tezi mbili, kulia na kushoto, ndogo kama maharage,
zitiwe kichupani, zipewe namba.
Kichwa kirudi kwa mwenyewe, akitaka pembe.

Nilipokuwa mdogo, Urambo, ayala lilikuwa neno la kanisani,
mnyama wa zaburi, hana kwato wala harufu.
Hapa ana ulimi. Umelala nje, umepauka,
na barafu puani.

Wagonjwa siwajui kwa sura; wengi huja wamenona.
Nimemwona mmoja tu aliyekwisha, Februari,
kando ya barabara ya herufi Z:
mbavu za kuhesabika, udenda unaning'inia,
masikio yamelegea. Nikapiga honi.
Akanitazama
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Si mdudu, bosi wangu Kristin alinieleza, wala si kirusi.
Ni protini iliyokunjwa vibaya,
na jirani yake akiigusa, naye hujikunja vivyo hivyo.
Moto wa jikoni hauiui; haijawahi kuwa hai.
Hukaa udongoni miaka, majani yakaipandisha.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki hakimo nguoni.
Ni mkunjo wa nguo yenyewe.

Jumamosi alikuja Orval Tveit na mjukuu wake, Maren,
miaka kumi na miwili, kizibao cha rangi ya chungwa
kikimfika magotini.
Dume la pembe nane. Mnyama wake wa kwanza.
"Umkate polepole," akaniambia, kana kwamba bado linauma.
Nikamkata polepole.
Babu akasema, miaka sitini nala nyama ya vilima hivi,
na mimi huyu hapa.
Nikamjibu: hajathibitishwa mtu hata mmoja aliyeupata.
Nikamwambia pia asubiri majibu.
Yote mawili ni kweli, na hayakai vizuri meza moja.

Siku kumi na moja.
Majibu huenda kwa mwindaji, hayapiti kwangu.
Nilijua Alhamisi tu, pikapu iliporudi kinyumenyume
hadi kwenye kontena la mizoga.
Orval peke yake. Akashusha maboksi ya nyama ya friza
iliyofungwa kwa karatasi nyeupe,
na juu ya kila kifurushi mwandiko wa mtoto, kalamu nzito:
PAJA. SUPU. LA BIBI. KRISMASI.
Akavitupa kimoja kimoja.
Viligonga bati kama mawe.

Sikukusudia kuhesabu. Thelathini na nane.
Nikamuuliza vilikuwa vingapi.
Akapandisha mlango wa nyuma wa pikapu,
akaubana kwa kiganja mpaka ukalia.
"Arobaini," akasema.