Mara Tano na Nusu

Hokororo alitaka makelele.
"Niundie kitu cha mfukoni, dada fundi,
kizisukume hizi hedifoni mpaka ghala lote lisikie."
Mlinzi wa korosho, zamu ya usiku, Masasi;
sikio la kushoto aliliacha kiwandani, kwenye mashine ya kubangua.
Nikamuuliza: unasikiliza nini?
Akasema, tengeneza kwanza.

Basi nikamwaga vipuri mezani, pale Mkuti,
nikaanza kuchagua kama anayechambua mchele wa msiba:
polepole, kwa macho yote.

Aisi ya sabufa iliyoungua ina nguvu, lakini inafoka
hata pasipo wimbo, kama sufuria lililosahauliwa.
Ya redio ya gari inadai volti kumi na mbili,
na mlinzi hatembei na gari.
Nikaishika ya tatu, miguu minane, kama punje ya mbaazi.
Niliichomoa kwenye miksa ya kwaya, Ndanda,
mwaka ule radi ilipoingia kanisani bila kubisha.
Upande mmoja wa miksa ulikufa. Huu ulibaki unajua kunyamaza.
Na kunyamaza, katika kazi yangu, ndiko ghali.

Kapasita zilizovimba vichwa nilizitupa; hazina toba.
Ya kuingizia sauti nikachukua ile nyekundu ya runinga ya chogo.
Betri ya mraba, volti tisa, hufa kabla ya adhana ya alfajiri,
nikatafuta mbili za vitochi, nikaziunga moja nyuma ya nyingine,
na pale zinapokutana nikaweka ardhi:
ardhi ya kweli, si ya kuazima.

Volyumu ilinikalisha mpaka jua likageuka.
Nilikuwa nazo tano. Nne zimeingia vumbi la salfa, zinakwaruza.
Ya tano safi, ila mita inasema kushoto inatangulia kulia
kidogo, hasa sauti ikiwa chini.
Nandonde aliyenifundisha angeirusha jalalani.
Mimi nikalikumbuka sikio la Hokororo,
nikaipuliza, nikaiweka.

Rezista: nyekundu, nyekundu, nyekundu;
jirani yake kahawia, nyeusi, chungwa.
Sauti ikue mara tano na nusu, basi.
Ishirini ningeweza. Angelipa vilevile.

Kopo bapa la biskuti, maana bati huzuia mlio wa simu.
Ndani nikatandika kalenda ya chama cha msingi,
mwezi wa Oktoba, bei ya mnada imeandikwa kwa kalamu,
ikakatwa, ikaandikwa tena.

Alikuja na buti zake, akaketi juu ya ndoo.
Hakuleta wimbo. Alileta simu,
na ndani ya simu mtu anapepeta mchele.
Dakika nne. Ungo, ungo, pumzi, kikohozi kimoja,
"mfukuze huyo kuku," kisha ungo.
"Somoe," alisema, akanivalisha hedifoni.

Ndipo nikausikia, nyuma ya ungo, chini kabisa:
mmmm.
Mvumo wa redio. Niliujua.
Redio ya mbao, trasfoma mbovu; niliitengeneza mwenyewe
mwaka juzi, nikapokea hela nikijua haijapona.
Aisi yangu inayojua kunyamaza ilikuwa imenitaja.

Nikasema: huo mvumo naweza kuuchuja. Kapasita moja tu. Bure.

Akalishika kopo kwa mikono miwili.
"Usiguse," alisema. "Hapo ndipo nyumbani."

Alilipa elfu kumi na mbili; sita iliyobaki, mnada wa pili.
Akashika njia ya ghalani, volyumu chini,
kushoto ikitangulia.