Mtoto Aliyepanda Kuchukua Sweta

Enyi mnaoandika "Orofa ya Tatu",
mimi ni Bogumiła, wa Łódź, mtaa wa Bałuty.
Miaka thelathini na mmoja nimesimama mbele ya mashine ya kufuma.
Uzi ukikatika najua.
Si lazima uuone. Sikio hukwambia:
mashine hukohoa, kidogo tu,
na usipoizima hapo hapo
utafuma mita arubaini za aibu.

Nyinyi mmefuma miaka kumi na tisa.

Nina daftari. Marehemu Zenek alilicheka,
akasema hata benki hawaweki hesabu namna hii.
Nimeandika humo nani kamzaa nani,
nani kala deni la nani,
ufunguo wa duka la dawa uko mfuko gani.
Na nimeandika: Novemba, mwaka wa saba wa tamthilia,
Kacper, mtoto wa miaka sita,
aliagizwa na mama yake apande juu akachukue sweta.
Akapanda. Nilisikia viatu vyake kwenye mbao.
Hakushuka.

Hakuna aliyemwita. Supu ililiwa.
Krismasi ikafika, wakaandaa sahani ya ziada
kama tufanyavyo sote, ya mgeni asiyetarajiwa,
nikasema, ehe, ndiyo hiyo, sasa atashuka.
Kwenye sahani ile akakaa tapeli kutoka Gdańsk
ambaye, kumbe, ni pacha wa daktari.

Pacha!
Wa daktari ambaye mama yake mzazi,
kipindi cha themanini na nane, alisema kwa kinywa chake:
"Nilijaliwa mmoja tu, na huyo mmoja alinitosha."
Ukurasa wa ishirini na tatu. Njooni msome.

Halafu Halszka. Mlimzika.
Nililia mpaka jirani yangu Wanda akagonga ukuta.
Miaka minne baadaye anaingia na mfuko wa viazi,
nywele kakata, anasema kulikuwa na foleni barabarani.
Na mumewe anamwambia avue viatu,
sakafu imepigwa deki.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Yenu ina vipindi elfu tatu na ushei.

Niliwaandikia barua, kwa mkono, karatasi nne.
Mkanijibu kwa picha ya yule pacha,
sahihi yake imepigwa chapa.

Wanda ananiambia, basi zima.
Wanda ana paka na wajukuu.
Zenek alikufa Machi, Jumanne,
saa kumi na moja na nusu jioni.
Walipomaliza kumshusha ngazi
ilikuwa saa moja, muziki wenu ukaanza chumbani
nami nikakaa, maana miguu ilishazoea kukaa saa ile.
Usiku huo mlikuwa mnagombania kuuza nyumba,
wakili anaongea kama kabati,
kipindi kibovu kuliko vyote nilivyowahi kuandika,
na nilishukuru kila neno.

Kwa hiyo msinidhanie adui.
Siombi harusi. Siombi mumfufue mtu;
wangu haji na mfuko wa viazi,
na angekuja, wallahi,
nisingemwambia avue viatu.

Naomba mtu mmoja, yeyote, hata yule tapeli,
apite chini ya ngazi na chai yake,
asimame,
aseme: "Kacper?"

Sekunde tatu hazitawafilisi.
Kijana ana miaka kumi na minane sasa.
Ile sweta haimwingii hata mkono mmoja.
Asipoitika, sawa, nitaandika kwamba hakuitika.
Lakini aitwe.

Kesho saa moja nitakuwepo.
Daftari limebakiza nusu ukurasa.
Nimeshanunua jingine.