Kiti cha Kulia

Yasna, binti yangu, kaninyang'anya funguo asubuhi hapa Iquique:
"Leo, Baba, wewe ni abiria."
Huku kwetu usukani uko kushoto,
basi nikalizunguka gari zima kama mgeni
nikajifunga mkanda upande wa bahari.

Miaka ishirini na sita niliikata njia hii,
tani thelathini za chumvi mgongoni,
usiku, kwa kuwa meli haingoji mtu.
Niulize kona, nitakutajia nimefumba macho:
hii inavuta, ile inadanganya,
ile pale ilimla Rigoberto Mamani na lori lake jipya,
umebaki msalaba, maua ya plastiki,
na chupa ya maji aliyowekewa na asiyemjua.
Ila ungeniuliza maji haya yana rangi gani
ungenikuta bubu.
Nilijua mstari mweupe. Nilijua taa nyekundu za mwenzangu wa mbele.
Bahari ilikuwa pumzi tu, gizani.

Leo nimeiona.
Si buluu moja, wachora ramani waongo.
Penye miamba ni kijani cha chupa ya divai,
mbele kidogo inametameta kama kisu kilichotoka kunolewa,
halafu ukungu unainuka
na inakuwa rangi ya shati langu la kwanza la shule,
lile alilolifua mama hadi likachoka.
Kushoto jangwa limesimama wima, halina hata jani,
limekauka hadi limesahau
kama mvua ni tusi au ni dua.
Nasi katikati, juu ya uzi wa lami,
baina ya kiu na maji yasiyonyweka.

Mguu wangu unakanyaga breki isiyokuwepo.
Yasna anacheka: "Iachie barabara, haitakimbia."
Mikono haijui pa kukaa. Naipa chungwa, imenye.

Wanawake wawili wanaanika mwani kando ya njia,
mweusi, mrefu, kama nywele za jitu lililotoka kuoga.
Mmoja anainua mkono. Nami nainua.
Sijui nimemfukizia moshi mara ngapi.

Mto Loa, forodha. Kijana anachungulia buti:
mna nini cha kutangaza?
Yasna anataja sufuria ya umeme, viatu jozi mbili.
Mimi kimya.
Nilichobeba hakina risiti.

Tocopilla tulikula samaki tumesimama,
mwari mmoja mzee akitukodolea kama mdai.
Nikamrushia kichwa.

Kisha jua likainama upande wangu,
likaniwekea kiganja shavuni,
nami nikatenda jambo nililolipiga vita miaka yote ile
kwa kahawa, kwa makofi, kwa kutafuna ndimu na maganda yake:
nikalala.

Nikalala fofofo, mdomo wazi.
Lile tao la mawe baharini, watu wanalotoka mbali kulipiga picha,
likanipita. Yasna hakuniamsha.
Nafumbua macho, Antofagasta, taa zimewaka,
kioo changu kimetanda chumvi,
miguu yote miwili imetulia sakafuni.

"Tumelikosa tao."
"Alhamisi tunarudi. Litakuwapo."

Nikapiga hesabu kimyakimya:
kurudi, bahari itakuwa kushoto.
Nikamnyooshea kiganja.
Hakunipa funguo.