Kalenda ya Duka la Rangi

Nimepewa bure, duka la rangi la Mwembe Tayari,
pamoja na makopo mawili ya samawati na risiti.
Oktoba, Novemba, Disemba nimezichana
nikazitandaza juu ya jamvi, sebuleni, hapa Tudor,
kila mwezi na kikombe juu yake usipeperushwe na feni.
Januari hadi Machi hazijachapwa bado.
Nimezichora mwenyewe kwa rula ya Mishi wa darasa la nne,
mgongoni mwa Mei, na Juni, na Julai,
miezi ambayo boti ililala juu ya magogo chini ya turubai
na paka akazaa ndani ya sanduku la barafu.

Kwanza maji.
Bamvua kwa kalamu nyekundu, maji mafu kwa kijani,
maana mwezi hauombwi ruhusa,
na mgeni wa kulipa hajui
kuwa saa kumi na mbili asubuhi boti yetu
yaweza kuwa imekaa topeni
kama bibi harusi aliyenuna.

Halafu watu.
Wino ni wa aliyetoa arubuni.
Penseli ni ya aliyesema inshallah.

Bwana Jivraj, wino: Novemba, Jumamosi mbili.
Anamtaka sulisuli, apige naye picha, kisha amrudishe majini.
Nahodha Mbwarali asema huko ni kumwamsha mtu usiku wa manane
umuulize kama amelala.
Akina mama wa chama cha Kisauni, wino,
japo nusu wamelipa kwa sarafu:
kumi na wawili, hawavui,
wanataka kuuona mji wao
kutoka upande ambao samaki huuona.
Biriani wanakuja nayo. Nimeandika pembeni:
sufuria ifungwe kamba.
Mwalimu Nyamawi na klabu yake ya jiografia, penseli.
Mwalimu Nyamawi ni penseli mwaka wa tatu huu.

Kisha gharama. Chengo fundi ameisikiliza injini,
akataja plagi, akataja pampu ya maji, akasema "tutaona."
Kwa lugha ya Chengo, "tutaona" ni elfu nane.
Mishipi, ndoana, chubwi. Leseni.
Jaketi okozi: kumi na nne.

Zilikuwa kumi na tano.
Ya kumi na tano kaka yangu Athmani
aliingia nayo majini alasiri, akatolewa nayo baada ya isha,
akaenda nayo hospitali, akarudi nayo nyumbani,
na hadi leo imetundikwa nyuma ya mlango wake, Makadara,
kama kanzu ya Ijumaa.
Siku hizi anatengeneza feni.
Hata kwa shangazi Likoni hendi. Kivuko ni chombo, asema,
na chombo ni chombo.

Jana alikuja kuitazama hii yangu, inayolia.
Alivuka miezi kwa uangalifu, ncha za vidole,
bisibisi mdomoni, akasimama kwenye Disemba.
"Jumanne hii tupu?"
"Tupu."
"Maji?"
"Mafu."
Akachomoa penseli sikioni mwake, si yangu,
akainama, akatia nukta. Si jina. Nukta.
"Kolekole," akasema, "huwa wapo mbele ya mnara wa taa,
kama bado wana adabu."
Kisha akapanda kiti, akafungua feni,
na hatukusema tena ila habari za waya.

Usiku nimeitengea Jumanne ile petroli lita ishirini,
chambo, chupa ya chai, mkate wa sinia.
Wageni: hakuna.
Nahodha: Mbwarali, naye aambiwe asiulize.

Asubuhi Bwana Jivraj amepiga simu.
Ana shemeji anakuja kutoka Nairobi,
anaitaka Jumanne hiyo hiyo, bei mara mbili.
Mara mbili ni pampu, ni plagi, ni "tutaona" yote ya Chengo.
Nikasema imechukuliwa.
"Amechukua nani?"
Nikaitazama nukta, ndogo kama yai la chawa,
feni juu yangu ikizunguka kimya.
"Yupo," nikasema. "Ametoa arubuni."