Daftari la Nywila

Nywila za nusu ya Urambo zimo humu,
kaunta buku la kurasa mia mbili, jalada limelegea.
Nalilaza chini ya printa, juu nimeweka chupa ya chai.
Kalunde wa Usoke: jina la ng'ombe aliyekufa mwaka wa ukame.
Fundi Kapela: tarehe ya harusi ambayo haikufungwa.
Bi Nyamizi: Mtoto1, Mtoto2, Mtoto3.
Kila mara mfumo ulimwambia abadilishe,
naye kila mara akazaa.

Serikali imehamia kwenye simu, wanasema.
Sawa. Simu ya Nkamba ina tochi na redio, basi.
Bei ya bando ni bei ya kipande cha sabuni,
na nguo za shule zimechafuka.
Mnara ukilala, tunalala nao.

Mkulima wa tumbaku akiweka kidole,
mashine inasema hakuna mtu hapa.
Miaka thelathini anafunga majani banini,
gundi imekula mistari yote.
Jaribu kingine, namwambia. Tunajaribu vyote kumi,
kama watu wanaohangaika na funguo
kwenye mlango wa nyumba iliyohamwa.

Elfu moja kujaza fomu, mia tano karatasi.
Sijamwibia mtu. Ila najua
nani anadaiwa kodi ya kiwanja,
na cheti cha nani kina mstari mtupu penye jina la baba.
Nikipita sokoni natazama chini.

Kapela aliniuliza: huo mfumo unakaa mtaa gani?
Nikasema Dodoma.
Na ukikosea, nagonga mlango upi?
Sikuwa na jibu. Wewe, akasema, kwako napajua,
hata mbwa wako ananijua.
Akanitajia tarehe ile ya harusi, kwa sauti, watu wakisikia.

Jumanne akaja Bi Nyamizi, cheti cha mjukuu.
Nikafungua daftari. Akalifunga.
Sogea, akasema, akakalia kiti changu,
miwani ya marehemu mumewe puani, mguu mmoja umefungwa uzi.
Herufi zimetawanyika kama kuku!
Aliyezipanga hivi alikuwa amelewa nini?
Dakika nzima anaitafuta Z.
Foleni nyuma ikaguna, mmoja akasema mama, mwachie kijana.
Hakugeuka.

Ilipofika nywila akanitazama.
Geuka.
Nikageuka. Nikatazama barabara,
lori la tumbaku linapita limefunikwa turubai,
na nyuma yangu kidole kimoja, tap,
kimya kirefu, tap.
Nilihesabu kumi na mbili.
Basi si Mtoto4.

Nimechukua kalamu nikapiga mstari juu ya jina lake,
mstari mmoja tu, bado linasomeka.
Kwenye kioo kiduara kikaanza kuzunguka,
kikazunguka,
na kilikuwa bado kinazunguka
alipoomba chai.